Anti, makala ya kaka aliyenileta kwenye jarida ina kesi hewa, na Jumatatu toleo linaingia mtamboni

Shikamoo Anti,

Pole na majukumu. Naomba chuo chetu usikitaje wala jina langu, hapa ni padogo na wenyewe watajijua tu.

Mimi ni binti wa mwaka wa nne, nasoma sheria hapa Dar, na tangu mwaka jana ndo mhariri mkuu wa jarida la sheria la wanafunzi. Yaani ni jarida letu wenyewe, sisi ndo tunapokea makala, tunasoma, tunachagua, tunahariri, tunakagua futinoti moja moja, lecha yupo mmoja tu kama mlezi. Lilikuwa limekufa, toleo la mwisho lilitoka hata sijajiunga chuo, tukalifufua kwa jasho kwa kweli, tumechangishana, tumeomba kwa mawakili waliopita hapa, huyu anakupa elfu ishirini, yule anakwambia nitumie barua afu hapokei simu tena, mpaka hela ya kuchapa nakala mia mbili ikapatikana. Makala zipo sita. Jumatatu ndo linaenda mtamboni, uzinduzi Ijumaa, mgeni rasmi kashaalikwa na kadi zimeshatoka.

Sasa Anti, juzi Jumanne saa nne usiku binti mmoja wa mwaka wa pili ambaye yuko kwenye timu ya kukagua futinoti akaja chumbani kwangu na laptopu mkononi haijafungwa hata, akaniambia dada naomba uangalie hii. Ilikuwa makala ya kwanza kabisa kwenye toleo, inahusu mgawanyo wa mali za ndoa, inasema mke aliyekaa nyumbani kulea watoto anatakiwa apate nusu kwa nusu moja kwa moja, na imeleta kesi za Mahakama ya Rufani zinazosema hivyo. Yule binti alikuwa ameingiza namba ya kesi ya kwanza kwenye TanzLII, ile tovuti ya hukumu za Tanzania, ikampeleka kwenye rufaa ya mtu aliyefungwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Tukajaribu kwa majina ya wadaawa, hakuna. Tukaenda nyingine, hakuna. Ya tatu ina jina la jaji ambaye mwaka huo alikuwa ameshastaafu. Tulikaa mpaka saa nane usiku na bando likaisha tukahamia la simu yangu. Makala ina kesi 19, Anti, 7 hatukuziona popote. Yule mdogo wangu akasema taratibu tu, dada hizi ni kesi hewa, kama wale wafanyakazi hewa. Nikahisi tumbo linakata.

Aliyeandika ni kaka yangu, si wa damu ila ni zaidi. Ndo alikuwa mhariri kabla yangu jarida likiwa halina hata senti, alinifundisha kusoma hukumu, alinifundisha kunukuu, mwaka wa pili bumu lilipochelewa alinilipia hosteli na hajawahi kunidai wala kunitaka kwa lolote. Sasa hivi anamalizia shule ya sheria kwa vitendo na anaomba skolashipu ya masta nje, mwisho wa mwezi huu anatakiwa awe na barua ya jarida inayosema makala yake imekubaliwa. Ameshaniomba hiyo barua mara mbili.

Nimemwambia mlezi. Akasema toeni hizo kesi kimya kimya makala iende, msiharibu uzinduzi, nyie vijana mnapenda kukuza mambo. Naibu wangu yeye kasema hata kutoa asingetoa, nani anasoma futinoti? Wawili wanataka tumwanike kwenye grupu la wahitimu. Kwa hiyo bodi imepasuka.

Na kuna hili ambalo sijamwambia mtu. Tuna fomu, kila anayekagua anasaini kwamba amefungua chanzo akakiona. Futinoti 1 mpaka 20 za makala hiyo nilichukua mimi. Nilisaini bila kufungua hata moja, kwa sababu ni kaka, nikasema huyu ndo aliyenifundisha, nitamkagua nini? Kesi hewa 3 ziko kwenye hizo 20. Na mimi mwenyewe ChatGPT natumia, kunyoosha Kiingereza changu, kwa hiyo nikisimama kumhukumu mtu najiona mnafiki.

Nifanyeje Anti? Nikizitoa tu kimya ni vibaya kiasi hicho? Nijiuzulu? Nikimnyima barua nitakuwa nimemuua mtu aliyenibeba. Silali.

Binti wa mwaka wa nne, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu.

Jibu hili nilikutumia kwanza kwa imeili usiku huohuo wa Alhamisi kwa sababu Jumatatu haingoji, hapa naliweka lote kwa ruhusa yako, maana najua vyuo vingine mambo ni hayahaya.

Nianze na lile lililo la haraka. Makala hiyo isitoke kwenye toleo hili. Hata akikuletea maelezo mazuri kesho, haitoki hili, kwa sababu makala yenye kesi 7 ambazo hazijaonekana haiwezi kukaguliwa upya kuanzia Alhamisi mpaka Jumatatu na watu ambao hawajalala. Toleo litoke na makala tano. Mgeni rasmi hatahesabu.

Sasa hili la kuzitoa kimya kimya, nataka tulizungumze vizuri kwa sababu ndo mahali naona umetegwa, na aliyekutega ni mtu unayemheshimu. Mlezi wako anaongea kana kwamba kesi ni pambo, ukizitoa nyumba inabaki. Isome tena hiyo makala bila zile saba. Inasema mke apate nusu moja kwa moja. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 114 haisemi hivyo, inasema mahakama igawe mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja, iangalie kila mmoja alichangia kiasi gani, kwa pesa, kwa mali au kwa kazi, iangalie madeni, mila za jamii husika, mahitaji ya watoto wadogo, na baada ya hayo yote ndo ielekee kwenye usawa. Ni tofauti kubwa hiyo. Kwa hiyo kilichobeba ile nusu kwa nusu ya kaka yako ni hizo kesi hewa zenyewe. Ukizitoa unabaki na hoja inaning'inia na wewe umeshaipigia muhuri.

Nikwambie kitu kilichonipata mimi. Nilikuwa wakili mchanga, nina mteja, mama wa watu kaachwa baada ya miaka mingi ya ndoa, hana kazi ya mshahara. Nikasimama mbele ya jaji na kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ile ya Mahakama ya Rufani ya 1983, ambayo kila mwanasheria wa nchi hii anaijua, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Nilikuwa nimeitoa kwenye notisi za darasani, sentensi mbili tu. Nikasema kwa sauti mheshimiwa jaji, kama Bi Hawa alivyopata haki yake, na mteja wangu apate. Jaji akavua miwani, akaniuliza, wakili, hukumu hiyo umeisoma mpaka mwisho? Sikujibu. Kumbe mwanangu Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao. Kanuni ilishinda, Jaji Mkuu Nyalali na wenzake waliikubali kazi ya nyumbani kuwa ni mchango, lakini yeye mahakama iliona mume alishampa pesa za mradi wa familia akazitumia vibaya, ikamnyima. Yote hiyo iko kwenye hukumu, unatakiwa ufungue tu na usome mpaka ukurasa wa mwisho. Mteja wangu alikuwa amekaa benchi la nyuma na kitenge chake, ananiangalia, hajui kilichotokea ila anajua kuna kitu kimetokea. Ile sura ninayo mpaka leo.

Na mimi kesi yangu ilikuwepo kweli. Sasa piga picha mtu kasimama na kesi ambayo haipo kabisa.

Naibu wako anauliza nani anasoma futinoti. Naomba umwambie hivi, kwa upole tu. Anayesoma futinoti ni yule msaidizi wa kisheria wa wilayani, hawa wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambaye hana maktaba hata ya ofisi, ana simu na ka-PDF alikotumiwa wasap. Akiona jarida la chuo kikuu limeandika Mahakama ya Rufani imesema nusu kwa nusu, atamwambia mama wa watu usikubali kusuluhishwa kwa theluthi, nenda mahakamani, nusu ni yako. Mama ataenda. Atauza kuku apate nauli, atauza hata cherehani. Na huko wakili wa upande wa pili ataomba nakala ya hukumu.

Haya yameshatokea kwa wakubwa kuliko nyie. New York mwaka 2023, kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mawakili walipeleka mahakamani kesi sita zilizotungwa na ChatGPT, na ile programu ilipoulizwa kama ni za kweli ikasema ndiyo ni za kweli. Wakapigwa faini ya dola 5,000. Huko ni mbali, haya Afrika Kusini hapo, Januari 2025, Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg kwenye kesi ya Mavundla, kesi 9 zimenukuliwa, zilizoonekana ni 2. Aliyezitafuta alikuwa mwanagenzi kwenye ofisi ya mawakili, wakubwa zake wakazipeleka mbele bila kuzifungua. Suala likapelekwa kwenye baraza linalosimamia mawakili. Nakuwekea huo mfano kwa sababu umefanana na wa kwenu: mmoja katafuta, mwingine kamwamini, wa tatu kamwamini wa pili, hakuna aliyefungua.

Lakini, na hapa nisikilize vizuri, usimwite mtu mwongo bado. Wewe umetafuta TanzLII, umefanya vizuri, ni ya Mahakama yenyewe na ni bure, ila si kila kitu kimo. Nchi hii ina hukumu nyingi ambazo hazijawahi kuripotiwa, yaani kuchapwa kwenye vitabu vya hukumu, hasa za Mahakama Kuu za zamani, ziko kwenye mafaili na kwenye makabati ya mawakili wazee. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi gawanyeni kazi. Wawili waende maktaba wafungue vitabu vya Tanzania Law Reports, vile vyenyewe, kwa mkono, si kwa skrini. Mmoja aende masjala ya mahakama na orodha ya namba za rufaa aulize kwa adabu. Kila kesi muiandikie karatasi yake, tumetafuta wapi, lini, nani katafuta, kimepatikana nini. Ile namba iliyowapeleka kwenye unyang'anyi wa kutumia silaha, pigeni skrinshoti muiweke. Kesi moja ikipatikana kwenye kabati la mtu, mtafurahi na mtaandika imepatikana. Hizo karatasi ndo zitaongea siku yoyote mtakayoulizwa, hamtahitaji kupaza sauti.

Na kaka yako. Usimtumie imeili kwanza. Nenda. Kama yuko Dar panda daladala umfuate, kama yuko mbali mpigie, lakini asikie kwa sauti yako kabla hajasoma barua ya bodi. Mwambie kaka shikamoo, nimekuja kwa jambo zito na nimeona nianze na wewe kabla ya karatasi. Mpe orodha. Muulize ulizitoa wapi hizi? Afu nyamaza. Usimsaidie kujibu, najua utatamani kumsaidia. Huenda atakwambia kuna mtu alimfanyia risachi akamlipa. Huenda alikuwa na mitihani huku na maombi ya skolashipu kule, akaiomba akili mnemba imtafutie kesi zinazomuunga mkono ikamletea alichokitaka, na kilikuwa kizuri mno mpaka akashindwa kushuku. Huenda akakasirika akakwambia nimekulipia hosteli leo unanifanyia hivi. Akisema hivyo usibishane, mjibu kwamba hilo halijasahaulika na ndo maana umekuja mwenyewe. Baada ya hapo ndo barua ya bodi iende, fupi, isiyo na neno la kashfa: kaka tunaomba nakala za hukumu hizi saba, tunaomba kufikia siku fulani, makala imesimama hadi hapo. Kwisha. Hao wawili wanaotaka grupu la wahitimu waambie bodi inazungumza kwa barua, hakuna kuanika mtu, kwanza hamjamsikiliza bado.

Barua ya kukubaliwa usiandike. Hata ile ya kusema "iko kwenye mchakato" usiandike wiki hii, maana ninakujua utaiandika kwa maneno laini na huko nje wataisoma kama imekubaliwa. Unasema utakuwa umemuua. Mwanangu, mfikirie akienda na barua yako, akapata hiyo skolashipu, halafu mwaka wa kwanza msimamizi wake aseme hebu nioneshe hii rufaa ya kwenye makala yako. Hapo ataulizwa akiwa peke yake ugenini na jina la nchi mgongoni. Wewe unamuuliza akiwa bado nyumbani, kitu hakijachapwa, bado anaweza kuiondoa makala mwenyewe kwa heshima yake, aandike upya kwa kesi zilizopo. Na zipo za kutosha, tena mada yenyewe inastahili, wanawake wengi wanaihitaji makala hiyo ikiandikwa kwa ukweli. Mwambie hivyo pia. Mwambie toleo lijalo mlango uko wazi akileta na nakala za hukumu zake zote.

Sasa saini yako.

Hii ndo sehemu niliyoisoma mara tatu, na nakushukuru kuiandika maana ungeweza kuificha hata kwangu. Itisha bodi leo, kabla hujaenda kwa kaka, useme mwenyewe: futinoti 1 hadi 20 nilisaini sikufungua, tatu kati ya hizo saba zilipita mikononi mwangu. Weka kwenye maandishi, mpe na mlezi nakala. Kitakachotokea ni kwamba utaona aibu kama siku mbili, pengine na kesho yake tena. Ila usipofanya, kila utakachomwambia kaka yako kitakuwa na shimo chini yake, na siku ikijulikana watasema alimtoa kafara kaka ili ajifiche. Kujiuzulu sikushauri. Ukijiuzulu wiki hii toleo linabaki mikononi mwa anayeuliza nani anasoma futinoti. Baki umalize, bodi ikiamua vingine baada ya uzinduzi utapokea. Na fomu yenu muibadilishe, saini peke yake haitoshi, anayekagua aambatanishe ukurasa wa kwanza wa hukumu na ule ukurasa wenye maneno yaliyonukuliwa. Na aliyefundishwa na mwandishi, au anayelala naye chumba kimoja, au anayedaiwa naye, asimkague. Hilo halikuwa kosa lako peke yako, hakuna aliyewawekea kanuni hiyo.

ChatGPT yako ya kunyoosha Kiingereza haikufanyi mnafiki. Kunyooshewa sentensi ambayo wazo ni lako na chanzo umekishika mkononi, na kuletewa kesi ambayo hujawahi kuiona, ni vitu viwili. Andikeni tu sera yenu, hata nusu ukurasa, mwandishi aseme alitumia nini na kwa kazi gani, na kwamba chochote kilichonukuliwa amekifungua na kukisoma yeye. Utakuwa wa kwanza kuijaza.

Mlezi. Najua unamwogopa kidogo, huenda ndo anasahihisha risachi yako. Usimwendee kubishana kama amekosea. Mpelekee zile karatasi za utafutaji, zimefungwa vizuri, umwambie mwalimu tumetafuta hivi na hivi, na bodi inaona makala isubiri ili jina lako kama mlezi lisiwe chini ya kitu hiki, tunaomba baraka zako tutoke na tano. Mtu mzima ukimwonesha mlango wa kutokea na heshima yake, mara nyingi anautumia. Akikataa bado, kuna mkuu wa kitivo, mnaandika kama bodi, wote mnasaini, si wewe peke yako.

Maana kuna kauli yake moja inaniuma, ile ya "nyie vijana mnapenda kukuza mambo". Majarida haya ya sheria ya kuendeshwa na wanafunzi yana umri. Lile la Harvard lilianza 1887, na Desemba 1890 ndo humo mawakili wawili, Warren na Brandeis, walichapisha makala ya haki ya faragha ambayo inatajwa mpaka leo, na Brandeis baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1926 wanafunzi haohao wakatoa kitabu cha kanuni za kunukuu ambacho mpaka mahakama za kule zinakitumia. Ukijiuliza ilikuwaje jaji mzee mwenye mvi akaamini kitu kilichohaririwa na watoto wa chuo, jibu ni kwamba kuna watoto walikaa usiku kama nyie Jumanne, wakafungua vitabu kimoja kimoja. Hicho mlichokifanya mpaka saa nane bando likaisha ndo kazi yenyewe, mwanangu, hamjakuza kitu.

Mambo ya mtamboni: mpigie mchapaji Ijumaa asubuhi mapema, kabla hajatengeneza pleti, umwambie kuna makala inatoka na kurasa zitahama. Usingoje Jumamosi, wengi wanaanza kazi za wiki mapema na pleti zikishatoka mtalipishwa mara mbili. Yaliyomo yabadilike, namba za kurasa zibadilike, na neno la mhariri kama ulishaitaja hiyo makala ulifute. Makala iliyokuwa ya pili iende mbele.

Na yule binti wa mwaka wa pili. Barua yako nzima nimeisoma nikitafuta kama kuna mtu alimwambia ahsante, sijaona. Alikuwa na laptopu mkononi saa nne usiku mbele ya mlango wa mhariri mkuu, kabeba habari mbaya ya mtu mkubwa kuliko wote kwenye hilo jarida, na angeweza kusaini akalala kama ulivyofanya wewe. Jina lake lipo kwenye orodha ya wahariri ya toleo hili, au mmeweka wa mwaka wa tatu na wa nne peke yao? Kama halipo, ukimpigia mchapaji mtajie na hilo.